Uongozi wa kazini upo kwenye rosta

Mhariri,

Salamu sana, na poleni na majukumu. Mi ni msomaji wenu wa muda mrefu, tangu enzi gazeti moja linazunguka wodi nzima mpaka likifika kitanda cha mwisho ukurasa wa michezo umeshachanwa, ila sijawahi kuwaandikia hata siku moja. Safari hii nimeshindwa kunyamaza kwa sababu ya barua ya msomaji mwenzangu mliyoitoa wiki mbili zilizopita, aliyesema uongozi ni kipaji, mtu anazaliwa nao, na kwamba maofisi yetu yamejaa mabosi wabovu kwa vile wanateuliwa watu wasio na hicho kipaji. Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nikatikisa kichwa kukubali, mara ya pili nikakasirika, maana nilikumbuka mimi mwenyewe nilivyokuwa bosi mbovu na nilivyokuja kuacha kuwa mbovu, na hapo katikati hakuna aliyenizaa upya.

Mi ni muuguzi mstaafu. Niliingia kazini mwaka 1985, nikatoka 2022 nilipofikisha ile 60 ya lazima, na kati ya miaka hiyo, miaka 24 nilikuwa inchaji wa wodi, kwanza wodi ya upasuaji wanaume alafu baadae wodi ya watoto, kwenye hospitali ya wilaya ambayo jina naliacha, wengi niliofanya nao kazi bado wapo na wengine watajitambua humu humu. Kwa asiyejua, inchaji ndo yule nesi anayeshika wodi. Ni bosi mdogo kuliko wote, juu yake kuna matroni, juu ya matroni kuna mganga mfawidhi, na huko juu zaidi hatufiki. Hana gari, hana katibu, mara nyingi hata kiti chake hana, akikiacha dakika mbili akirudi kakalia ndugu wa mgonjwa. Lakini wodi ikienda vizuri ni yeye na ikienda vibaya ni yeye.

Sasa mwezi uliopita kanipigia binti wa mdogo wangu, na yeye ni nesi, mkoa mwingine. "Shikamoo mama mkubwa." Marahaba mwanangu, mbona sauti iko hivo? "Nimepewa wodi." Yaani alivyolisema hilo neno ungedhani kapewa majibu ya ugonjwa. Nikamuuliza wamekupa na nini kingine, akaniambia barua ya uteuzi, mkungu wa funguo na faili la inventori. Na nani kakukabidhi? Hakuna, aliyekuwepo kahamishwa, kaondoka Ijumaa, yeye kaanza Jumatatu. Alafu akaniuliza: mama mkubwa, hamna semina ya uongozi mahali niende hata kwa hela yangu?

Vyuo vipo. Kuna Taasisi ya Uongozi pale Dar tangu 2010, kuna Chuo cha Utumishi wa Umma, kuna ESAMI kule Arusha ambako wanakuja mpaka watu wa nchi jirani, na sina ubaya nao. Ila katika miaka yangu yote sijaona inchaji wa wodi ya wilayani akipelekwa huko, wanaenda wakubwa ambao wameshakuwa wakubwa. Huku chini kinachofanyika ni hiki: mtu anajua kazi, anaweza kutafuta mshipa wa mtoto aliyeishiwa maji kwa sindano moja tu usiku umeme umekatika, Mei Mosi kapewa cheti cha mfanyakazi bora, basi kikao kinakaa kinasema huyu anafaa kuwa inchaji. Mshipa na uongozi wapi na wapi jamani. Mnampoteza nesi mzuri kitandani mnampata bosi asiyejua aanzie wapi, na nyie mnaokaa pembeni mnasema hana kipaji.

Mi mwenyewe nilipatikana hivo hivo mwaka 1998. Na kwa sababu sikujua kazi mpya ni ipi nikaendelea na ile ya zamani nikaongeza nyingine juu yake. Nilikuwa nafika wa kwanza naondoka wa mwisho. Dawa naagiza mimi, shuka nahesabu mimi, vidonda vikubwa nafunga mimi, mgonjwa akienda thieta namsukuma mimi, na funguo zote zinalala kwenye pochi yangu kwa sababu niliona wenzangu ni wazembe watapoteza. Watu wakinisifia, sista hachoki, na mi nikavimba kichwa. Nilidhani huko ndo kuongoza.

Basi akafariki shemeji yangu kijijini. Nimepata taarifa jioni, alfajiri nimepanda basi, pochi begani, na ndani ya pochi mkungu wa funguo pamoja na ufunguo wa kabati la DDA, lile la dawa kali za maumivu ambazo lazima zifungiwe na kila ampuli iandikwe kwenye rejista. Usiku ule wodini kuna kijana katoka kufanyiwa upasuaji wa tumbo, ganzi imeisha, anapiga kelele wodi nzima imeamka, pethidini ipo kabatini wanaiona kwa kioo, na ufunguo upo kilomita mia mbili na kitu, umelala kwenye mkeka wa matanga. Simu za mkononi wakati huo zilikuwa za wenye hela. Wakakimbia kuazima wodi nyingine, ikachukua karibu saa nzima, kijana akatulia, akapona, akaenda kwao. Hakuna aliyenishtaki. Ila niliporudi nesi wa zamu ile, mama mtu mzima kunizidi, akanipokea mlangoni akaniambia taratibu kabisa: "Sista, siku nyingine ukifiwa utuachie sisi hai."

Sikulala usiku huo.

Kuna jambo moja sisi manesi tunalifanya kila tarehe 12 Mei, siku ya wauguzi duniani, tunawasha mishumaa na taa, tunarudia kiapo, kumkumbuka Florence Nightingale kwa vile ndo siku aliyozaliwa mwaka 1820. Kila mtu anajua habari ya taa, kwamba alizunguka nayo usiku kwa askari majeruhi kule Scutari kwenye vita vya Krimea, 1854. Ambacho hatusimuliani ni alichokiandika 1859, kwamba uuguzi mzuri wote unaweza kuharibiwa na kosa moja tu, mtu kutojua kupanga mambo ili kile kinachofanyika akiwepo kifanyike vilevile asipokuwepo. Nilikuja kulisoma hilo miaka mingi baada ya ule msiba, nikaona huyu bibi kaniandika mimi na pochi yangu. Sisi tumechukua taa, hilo la kupanga tukamwachia.

Kuanzia siku ile funguo zikawa zinapokezana na zamu, anayetoka anampa anayeingia, wanahesabu DDA pamoja, wote wawili wanasaini. Utaratibu huo tulishafundishwa chuoni, siyo kwamba niliugundua mimi. Nilikuwa naujua na siufuati kwa sababu ya sifa.

Lakini funguo ni kitu kidogo. Nikiulizwa uongozi wa kazini unajifunziwa wapi nitasema kwenye rosta, na hapa naomba Mhariri usinikate maana ndipo penye barua yenyewe.

Rosta ni ile karatasi ya zamu, nani asubuhi, nani jioni, nani usiku, nani ofu. Inaonekana kazi ya karani. Kumbe ile karatasi inaamua nani atalala na watoto wake, nani atasali Ijumaa, nani atakuwa kwenye harusi ya mdogo wake na nani ataisikilizia kwenye simu. Mtu anaweza kuvumilia mshahara mdogo miaka ishirini, ila rosta ya upendeleo mwezi mmoja tu kaanza kuumwa mgongo. Mi nilikuwa naipanga usiku nyumbani huku naangalia taarifa ya habari, na mkono wangu ulikuwa unaenda wenyewe: huyu rafiki yangu apate wikiendi, huyu mkorofi nisimpe usiku mwingi asije akanisumbua, na hapa pamebaki pengo, nani hasemagi? Anawekwa asiyesemaga.

Siku moja nilikuwa natafuta karatasi nyingine kabisa kwenye kabati, nikakuta rosta za nyuma za karibu miaka miwili zimefungwa na bandeji. Sijui nini kilinituma, nikakaa chini nikaanza kuhesabu. Kuna dada mmoja mpole sana, jina simtaji, alikuwa kafanya usiku wa Krismasi mbili zote, Pasaka zote, mkesha wa mwaka mpya, na ofu zake nyingi zimeangukia Jumanne na Jumatano. Hakuwahi kulalamika hata mara moja, na ndo maana. Na yule mkorofi niliyekuwa namwogopa, ambaye alikuwa hana kosa lolote zaidi ya mdomo, kafanya usiku nusu ya wenzake. Nilijiona kama mwizi aliyekutana na picha yake mwenyewe ukutani. Hakuna aliyekusudia kumwonea yule dada, hata mimi, ila karatasi zilikuwa pale na mwandiko ni wangu.

Nilimwita nikamwonyesha. Nilitegemea alie au anitukane. Akasema tu, "Nilijua utaona siku moja." Mpaka leo hiyo sentensi inanichoma kuliko tusi.

Tukabadilisha. Rosta ikaanza kubandikwa wiki mbili kabla, na pembeni yake karatasi tupu na penseli imening'inizwa kwa uzi, mwenye ombi aandike hadharani, mwenye msiba, mwenye mtihani wa masomo ya jioni, mwenye kipaimara cha mtoto, kila mtu asome. Kubadilishana ruksa ila muandike majina na msaini wote wawili, siyo mnaelewana kwenye korido alafu saa mbili usiku hakuna mtu. Krismasi na Pasaka tukakubaliana Waislamu washike, Idd zote mbili Wakristo washike, na hili wala sikulitoa mimi, lilitoka kwa wenyewe kwenye kikao, mi nilikuwa nimeshaandaa hotuba ndefu ya haki na usawa wakaimaliza kwa dakika tano. Mwisho wa kila mwezi nikawa nahesabu: usiku wangapi, wikiendi ngapi, sikukuu ngapi kwa kila jina, na hesabu nabandika.

Na hapo ndo nilipogundua kwamba hata sheria nilikuwa siijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mjamzito asipangiwe zamu ya usiku miezi miwili kabla ya kujifungua, na anayenyonyesha apewe mpaka saa mbili kwa siku za kwenda kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Zile saa mbili mi nilikuwa nazitoa kama zawadi. Fikiria, mtu anakuja kwangu kwa kunyenyekea, "samahani sista naomba nikimbie nyumbani mara moja mtoto anyonye," na mi najifanya mwema namruhusu, kumbe ni haki yake namgawia kama pipi. Bosi asiyejua haki za anaowaongoza hata akiwa na roho nzuri vipi atakuwa anawaibia tu huku anatabasamu.

Watu wakiona rosta ni ya haki, mambo mengine yanajinyoosha bila mkutano. Utoro ulipungua. Zile simu za saa kumi na moja asubuhi, "sista leo sijisikii vizuri," zilipungua mpaka ikifika moja najua kweli anaumwa. Sikuwa nimegeuka msemaji mzuri kuliko mwanzo, sauti yangu ni ile ile ya kukwaruza, wala sikuwa nimepata kipaji.

Kuhusu kufoka nitasema kwa kifupi kwa sababu naona aibu. Nilimfokea kijana mmoja nesi mpya, mbele ya wagonjwa na ndugu zao saa ya kuona wagonjwa, kwa kosa la kweli, alichelewesha antibayotiki ya saa sita. Nikajiona nimekomesha uzembe. Kesho yake wagonjwa watatu wakakataa kuchomwa sindano na yule kijana. Mzee mmoja akaniambia wazi, "mlete mwingine, huyu si ndo yule asiyejua kazi?" Kwa hiyo nimejipunguzia mfanyakazi mmoja kwa mdomo wangu, na sindano zake wiki nzima nikachoma mimi. Baada ya hapo mtu akikosea tulikuwa tunaingia stoo ya shuka, mlango tunaufunga, tunaongea, wakati mwingine kwa ukali kweli kweli, alafu tunatoka kila mmoja kabeba shuka kama vile tulifuata hizo.

Msomaji mwenzangu pia aligusia kwamba mabosi wa siku hizi wako bize muda wote na hawafanyi kitu. Hapo tuko pamoja, ila asidhani ni uvivu. Kuna matroni mmoja, Mungu amrehemu, aliniambia nichukue daftari dogo la mfukoni niandike kwa wiki moja tu kila ninachokifanya na saa yake. Niliona ananipotezea muda, na muda wenyewe sina. Nikaandika kumridhisha. Jumamosi nikasoma: famasi nimeenda mara nne kwa siku, siku nyingine mara tano, kila mara kwa kitu kimoja kilichosahaulika. Kutafuta kiti cha magurudumu ambacho wodi jirani wameazima. Kutafuta funguo (bado zilikuwa zangu enzi hizo). Kutafuta faili. Kuongea na mgonjwa, ile kuongea kweli, kukaa kitandani pake na kumuuliza umelalaje, dakika tano kwa wiki nzima. Nesi mzima na kofia yake, kazi yake kubwa ni kutafuta vitu.

Dawa yake haikuwa ya ajabu. Orodha moja ya famasi inaandikwa na zamu ya usiku kabla haijatoka, inaenda saa mbili asubuhi mara moja, kilichosahaulika kinasubiri kesho isipokuwa cha dharura. Wiki ya kwanza vilisahaulika vitu vingi, wiki ya tatu vichache. Kiti tulikipaka rangi namba ya wodi. Na ripoti ya asubuhi, ambayo ilikuwa inaenda dakika arobaini kwa sababu kila mtu anaeleza historia ya mgonjwa tangu kuzaliwa, tukaifanya tumesimama, tunapita kitanda kwa kitanda, nani yukoje, nini kimebaki, nani anafanya.

Cha kuhesabu shuka nilimpa mhudumu mmoja na hapa ndo pagumu kuliko pote, hakuna anayeniambia kinyume. Mwezi wa kwanza kahesabu kakosea. Mwezi wa pili shuka 40 zikawa 38 na mbili hazijulikani zilipo. Mkono wangu uliwasha kama wenye upele, nilitaka nimnyang'anye lile daftari nimalize mwenyewe nusu saa. Nilijizuia, na sijui kama ilikuwa busara au uchovu. Mwezi wa tatu akaja mwenyewe na mpango wake, shuka ziandikwe namba ya kitanda kwa wino wa kufulia, mimi miaka yote sijawahi kuliwaza. Kama ningemnyang'anya mwezi wa pili ningestaafu bado nahesabu shuka.

Semina nazo siwezi kuzitukana zote. Nilienda moja ya hotelini, projekta, mwezeshaji mwenye suti, maneno makubwa makubwa, ninachokumbuka ni sambusa na kusaini posho. Lakini zile za 5S, za kupanga na kusafisha mahali pa kazi kwa hatua tano, zilinifaa kweli. Zilianzia pale Hospitali ya Rufaa Mbeya 2007, kwa msaada wa Wajapani, kisha zikasambaa mikoani, na wenye akili wakazitafutia maneno yetu: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Tofauti ni kwamba hatukukaa hotelini, walikuja wodini kwetu wakatuambia tufungue makabati. Tulisasambua siku mbili. Zilitoka fomu za miaka ya themanini, vitanda vitatu vibovu, darubini isiyo na kioo, na radio ya mtu aliyehama zamani. Nne za kwanza zinawezekana wikiendi moja mkiwa na soda na nguvu, ugonjwa wetu upo kwenye ile ya tano, Shikilia. Mkaguzi akija kunang'aa, akiondoka wiki mbili darubini mpya isiyo na kioo imeshaingia kabatini. Na kushikilia hakuna semina, kunataka mtu anayepita kila Ijumaa anafungua kabati.

Fomu ndo kabisa. OPRAS, ile ya kupima utendaji wa mtumishi, ilikuja 2004, mfanyakazi na bosi wake wakae waandikiane malengo, wakae tena katikati ya mwaka, wakae mwisho wapeane maksi. Wazo zuri, sina ugomvi nalo. Sisi tulikuwa tunajaza zote siku moja mwezi Juni, malengo ya mwaka jana tunayaandika baada ya kuona tulichokifanya, kama mtu anayepiga mshale ukutani alafu anachora duara kuuzunguka. Siku hizi wenzangu waliobaki wananiambia ni PEPMIS, ya kwenye mtandao. Sawa. Ila kama bosi na mfanyakazi hawakai wakaongea, kompyuta itapokea uongo ule ule kwa haraka zaidi.

Alafu kuna wale wanaosema huu upole wa kumpeleka mtu stoo ni mambo ya Wazungu, Mswahili bila kufokewa hafanyi kazi. Marehemu baba yangu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda, na alikuwa akisikia hivo anacheka. Alitusimulia jinsi mabaraza ya wafanyakazi yalivyoanza baada ya waraka wa Rais wa 1970, na mwaka uliofuata ukatoka Mwongozo wa TANU, ambao ibara yake ya 15 ilikataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na ukandamizaji. Wafanyakazi walikuwa wanatembea nacho kile kijitabu mfukoni, meneja akitukana wanamsomea ibara. Mambo mengine ya enzi zile yalienda kombo tunajua, na kwenye baadhi ya viwanda wafanyakazi waliwafungia mameneja milango mpaka serikali ikaingilia. Ila usiniambie heshima kazini ililetwa na projekta.

Ninachoomba, na naomba wahusika wa afya na Utumishi wasome kama wanasoma, ni kitu cha bei rahisi. Mtu akiteuliwa kushika wodi, au shule, au stoo ya halmashauri, maana jirani yangu mwalimu mkuu ananiambia kwao ni vilevile, alifundisha hesabu vizuri wakampa shule na deni la maji, basi anayeondoka asiondoke Ijumaa. Abaki wiki mbili. Wapange rosta moja pamoja, wakabidhiane funguo kwa maandishi, amwonyeshe nani mpole anaonewa na nani mkorofi ana mdomo tu. Wiki mbili za mshahara ambao unalipwa hata hivyo. Na rosta za mwaka mzima zisichomwe moto, ziachwe kabatini, mpya azihesabu.

Binti yangu nilimwambia hayo yote, kifurushi kikaisha, akanipigia yeye, cha kwake nacho kikaisha. Juzi kanitumia picha ya rosta yake ya kwanza ya Desemba kwenye WhatsApp, ameipiga mistari kwa rula, kabandika, na penseli inaonekana pembeni imefungwa na uzi. Nikavaa miwani nikaikagua jina kwa jina. Usiku wa Krismasi kajiweka mwenyewe, inchaji. Nikafurahi nikataka kumwita dada yangu aje aone, alafu nikashuka chini mstari huo huo nikakuta asubuhi ya tarehe 26 kajiweka tena. Nimemjibu: mwanangu, ukitoka usiku saa moja na nusu asubuhi huwezi kuingia asubuhi hiyo hiyo, futa, tafuta mtu, na usimweke yule asiyesemaga.

Ni mimi,
Muuguzi mstaafu,
Mbeya.